Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mtoto asiombe kwa amri, wala asizuiwe kuomba

Kwa Mheshimiwa Julius Migos Ogamba,
Waziri wa Elimu,
Jogoo House, Nairobi.

KUH: SALA NA IMANI YA MTOTO KATIKA SHULE ZA UMMA

Mheshimiwa Waziri,

Asubuhi ya Jumatatu, shule za eneo bunge la Ruaraka hufanya lile linalofanywa na shule nyingi nchini. Bendera hupandishwa, Wimbo wa Taifa huimbwa, kisha mwalimu wa zamu humwita mtoto mbele ya paredi aombe. Waliobaki hufumba macho. Watoto wa mtaa wa Lucky Summer, ulio humo Ruaraka, hutoka katika nyumba za kila namna: Wakatoliki, Wasabato, Wakorino wenye vilemba vyeupe, Legio Maria, Waislamu, Mashahidi wa Yehova, na nyumba ambazo hakuna anayesali. Wote husimama kwenye mstari mmoja, na sala huwa moja.

Barua hii haiombi sala ifutwe. Wimbo wa Taifa wenyewe ni sala, na utangulizi wa Katiba ya 2010 unaanza kwa kuukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu. Katika mtaa ambapo kanisa la mabati limepakana na kanisa jingine la mabati, na adhana husikika kabla ya matatu ya kwanza kujaza abiria, imani ndiyo inayowaamsha watu wengi waende kutafuta riziki. Kinachoombwa ni kanuni moja ya maandishi, ya shule zote, inayotenganisha sala anayokuja nayo mtoto kutoka moyoni na sala anayoamriwa.

Msingi wa kanuni hiyo upo tayari. Kifungu cha 8 cha Katiba kinasema hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu peke yake au pamoja na wengine, hadharani au faraghani, na kuadhimisha siku yake ya ibada; kisha kinakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, katika sehemu ya 27, inawaruhusu wadhamini wa shule kusimamia malezi ya kiroho na hata kuweka makasisi kwa gharama zao, mradi imani za wengine zilindwe. Hayo yameandikwa vizuri. Shida ni kwamba mwalimu mkuu mwenye wanafunzi mia kadhaa na walimu wasiotosha hana karatasi inayomwambia afanye nini mama wa Kiislamu akija ofisini kuuliza kwa nini mwanawe anarudi nyumbani akiimba pambio.

Mpaka huu haujawahi kuwa rahisi. Shule nyingi za kwanza zilijengwa na wamisheni, na kanisa ndilo lililokuwa na ufunguo wa darasa. Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya 1964 ilitaka shule za umma zisiegemee dini yoyote, na Sheria ya Elimu ya 1968 ikayageuza makanisa kutoka wenye shule kuwa wadhamini. Ardhi, jina la mtakatifu langoni na desturi za asubuhi vilibaki palepale. Mtoto aliyezaliwa miaka hamsini baadaye akajikuta ndani ya mapatano ambayo hakuna aliyemweleza.

Watoto waliogongana na mapatano hayo wameishia mahakamani. Wanafunzi Wasabato wa Alliance High School walitaka kuiadhimisha Sabato tangu Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni. Kanisa lao lilishindwa Mahakama Kuu mwaka 2014, likakata rufaa, na Machi 2017 Mahakama ya Rufani ikawapa haki na kumtaka Waziri wa Elimu aweke kanuni za kulinda uhuru wa dini wa wanafunzi. Huko Isiolo, wasichana Waislamu wa shule ya Kiwanjani, ambayo mdhamini wake ni Kanisa la Methodisti, waliruhusiwa hijabu na Mahakama ya Rufani Septemba 2016. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo kwa sababu ya jinsi dai lilivyowasilishwa. Mwaka huohuo msichana wa Kirastafari alifukuzwa Olympic High School, Kibera, kwa sababu ya nywele zake, na Septemba Jaji Chacha Mwita akaamuru arudishwe darasani.

Kesi hizo ziliendeshwa na kanisa lenye mawakili, au na wazazi waliojitolea kusubiri kwa miezi na miaka. Mzazi wa Lucky Summer anayefanya kibarua viwandani Baba Dogo, anayelipwa kwa siku, hawezi kuiacha kazi yake akapande ngazi za mahakama ya Milimani kwa sababu mwanawe ameambiwa aimbe wimbo wa kanisa lisilo lake. Atanyamaza. Mtoto naye atajifunza kwamba imani ya nyumbani kwao ni jambo la kufichwa.

Kuna jambo la pili, nalo linawahusu hata wazazi ambao sala ya paredi haiwakeri: siku za maombi ya watahiniwa. Mwaka 2016 Waziri Fred Matiang'i alizipiga marufuku katika muhula wa tatu, pamoja na siku za wazazi na sherehe za zawadi, kwa kuwa mikusanyiko ya wageni karibu na mitihani ilikuwa imegeuka mlango wa wizi wa mtihani. Kiini cha hatua ile kilikuwa usalama wa karatasi. Swali la nani anasimama mbele ya watoto, na anawaambia nini, lilibaki. Mhubiri mgeni huja na kipaza sauti, watoto hutakiwa kuinua kalamu ziombewe, na wakati mwingine bahasha ya sadaka hupitishwa katika darasa ambamo wengine hawajala tangu jana.

Nchi hii imekwishaona gharama ya kutouliza swali hilo. Mhubiri Paul Mackenzie, aliyeshtakiwa kuhusu vifo vya Shakahola ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, alikuwa amekamatwa mwaka 2017 kwa tuhuma za kuwashawishi watoto waache shule. Wahubiri wengi si watu wa namna hiyo, na wengi wanawasaidia watoto wa Korogocho na Lucky Summer kwa chakula na karo. Hao waaminifu ndio watakaofurahi zaidi majina yao yakiandikwa katika kitabu cha wageni na bodi ya shule ikijua wanachokuja kusema.

Wako watakaosema kwamba kanuni ya namna hii ni ya wasioamini. Wafungue Kitabu cha Danieli, kinachosomwa na Wakristo wa kila kanisa mtaani. Katika sura ya tatu mfalme anaamuru watu wote waisujudie sanamu, na vijana watatu wanakataa. Katika sura ya sita mfalme mwingine anazuia sala, na Danieli anaendelea kuomba dirisha likiwa wazi. Masimulizi yote mawili yanamlaumu mtawala, wa kwanza kwa kulazimisha ibada, wa pili kwa kuikataza. Waislamu nao wanamkumbuka Bilal, mtumwa aliyeteswa Makka ili aikane imani yake. Mwenye kuijua historia ya dini yake anajua ladha ya kulazimishwa.

Nchi nyingine zimepita njia hii. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema dola haiwezi kutunga sala ya kusomwa shuleni. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliamua kwamba shule ya umma haiwezi kujitangaza kuwa ya dini moja. Uamuzi huo wa Afrika Kusini unaikaribia zaidi hali ya Kenya, kwa maana haukuitoa dini shuleni, bali uliizuia dini moja kuwakalia wengine.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, wazazi wanaomba kanuni itakayosema mambo manne. Mtoto asiyeomba asimame kwa utulivu, asiadhibiwe wala kuaibishwa, na barua fupi ya mzazi itoshe bila maelezo. Sala ya paredi iongozwe na watoto waliojitolea, kwa zamu ya imani zao, ikiwa na dakika ya ukimya kwa wengine. Siku ya maombi iwe ya hiari na bila mchango wa fedha, mhubiri awe amekubaliwa na bodi, na mwalimu asitoke chumbani hadi mwisho. Waislamu wapate nafasi ya kuswali Ijumaa adhuhuri, na Msabato asipoteze alama kwa kukosa masomo ya ziada ya Jumamosi.

Kifungu cha 20 cha Katiba kinasema Sheria ya Haki inamfunga kila mtu. Kanuni hiyo basi izifikie pia shule za watu binafsi zilizojaa Eastlands, zikiwemo zile ambazo darasa la Jumatatu huwa kanisa Jumapili. Iandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, kurasa mbili zisizidi, na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila shule kabla ya msimu wa maombi ya watahiniwa wa KPSEA, KJSEA na KCSE.

Kwa heshima,
Mzazi, Lucky Summer, Ruaraka.

Nakala: Tume ya Huduma za Walimu (TSC), ili shule zenye wanafunzi Waislamu zipate walimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu.