Hesabu za mtoto mtundu zianzie kwenye debe

Mtoto wa darasa la pili asiyetulia kitini hupachikwa upesi jina la mtundu, na akikosa hesabu huongezewa la pili: mzito wa kichwa. Mzazi mwenye uwezo mjini Mpanda, mkoani Katavi, humtafutia tuisheni, yaani kiti kingine mbele ya ubao mwingine. Hiyo ni dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Mtoto wa namna hii mara nyingi hajashindwa na namba, ila hajapewa kitu cha kushika. Na Katavi ni mkoa wa mahindi, mpunga na karanga. Vya kushika vimejaa nyumbani.

Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti kuhusu watoto wachuuzi wa Recife, Brazili. Walipoulizwa bei za bidhaa zao palepale kibandani, walipatia asilimia 98 ya maswali. Walipopewa hesabu za aina ileile zikiwa namba tupu, bila nazi wala mteja, walipatia asilimia 37. Walikuwa watoto watano tu, hivyo tusiwafanye kipimo cha dunia nzima. Hata hivyo wanatosha kuonyesha kwamba mtoto anaweza kuwa na akili ya hesabu lakini asijue namna ya kuihamishia kwenye karatasi.

Kazi ya kuihamisha inaweza kuanzia uani. Sado ya lita 4 huingia mara tano katika debe la lita 20. Mtoto amimine mahindi mwenyewe, ahesabu mpaka debe lijae, kisha aulizwe: madebe matatu yatatoa sado ngapi? Akisie kwanza, ndipo apime. Baada ya hapo achore viduara kumi na tano katika mafungu matatu, na mwisho aandike 3 × 5 = 15. Mwanasaikolojia wa Marekani, Jerome Bruner, aliueleza mpangilio huu miaka ya 1960: kitendo, picha, halafu alama.

Wapo watakaosema mtihani haufanywi kwa debe. Ni kweli, na ndiyo maana hatua ya daftari hairukwi. Wengine watauliza mzazi aliyeishia darasa la saba, anayerudi jioni hoi kutoka shamba la tumbaku, atapata wapi muda. Haombwi kufundisha kanuni. Anaombwa aulize swali moja wakati mahindi ya kupeleka mashineni yanapimwa. Hoja nzito zaidi ni kwamba wengine watapata kisingizio cha kumtuma mtoto kuuza karanga saa za masomo. Wachuuzi wa Recife wanalijibu hilo: soko liliwapa hesabu ya kichwani, halikuwapa ya kwenye karatasi. Mtoto anahitaji zote mbili, moja afaulu mtihani, nyingine asije akauziwa hasara siku mnunuzi atakapomletea gunia la lumbesa, yaani la kujazwa kupita kipimo.