Watoto wagonjwa Meru, Embu wahitaji tiba ya moyo pia

MTOTO anapopatikana na saratani, kisukari, kifafa au virusi vya Ukimwi, familia nzima huugua pamoja naye. Hata hivyo, faili inayofunguliwa hospitalini aghalabu hunakili uzani, joto la mwili na kipimo cha dawa pekee. Hofu ya mtoto na majonzi ya mzazi havina ukurasa.

Hali hii huonekana wazi katika kaunti za Meru na Embu, ambako familia nyingi hutegemea majani chai, kahawa na miraa.

Mama anapokesha na mwanawe katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Meru, katika ile ya Embu, au katika hospitali za kimishonari kama vile Maua, Nkubu, Chaaria na Kyeni, majani chai hukosa mchumaji. Ndugu za mgonjwa nao huachiwa nyanya yao, wakijiuliza ni lini zamu yao ya kupendwa itarejea.

Mtoto akipewa rufaa hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta, mzigo huzidi. Kutoka mjini Meru hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200. Baba anayetafuta nauli na karo kwa jembe lilo hilo hawezi kufika kila wiki, na kutofika kwake huweza kufasiriwa na mtoto kuwa ni kutupwa.

Mtoto mdogo asipoelezwa kinachomsibu hubuni maelezo yake mwenyewe. Aghalabu huamini kuwa anaadhibiwa kwa kosa alilotenda. Wazazi hunyamaza kwa nia njema, lakini mficha maradhi kilio humfichua.

Ndiyo maana mnamo 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa watoto wa umri wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi waelezwe hali yao, na walio wadogo zaidi waelezwe hatua kwa hatua, kulingana na ufahamu wao. Kijana anayemeza vidonge kwa miaka bila kujua sababu ni rahisi kuviacha siku atakayoanza kujiamulia mambo.

Kuna watakaosema kuwa ushauri nasaha ni anasa, maadamu hospitali za umma zingali zinalilia dawa na wauguzi. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kwamba dawa haimfai mgonjwa asiyerudi kuichukua.

Utafiti kuhusu watoto waliopatikana na saratani katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret, kati ya 2007 na 2009 ulibaini kuwa zaidi ya nusu yao waliacha matibabu kabla ya kuyakamilisha. Waliokuwa na bima walikuwa na matumaini makubwa zaidi ya kupona. Umaskini, basi, ndio adui wa kwanza, na mzazi aliyekata tamaa humfungulia mlango.

Eldoret iyo hiyo imeonyesha njia. Kituo cha Sally Test huwapa watoto waliolazwa nafasi ya kucheza, kusoma na kuongea na watu wazima ambao hawakuja kuwadunga sindano.

Uingereza nayo ilijifunza kwa uchungu. Zamani wazazi walizuiwa kukaa na watoto wao wodini, hadi filamu ya James Robertson ya mwaka 1952 ilipoonyesha kihoro cha mtoto wa miaka miwili aliyetenganishwa na mamake. Ripoti ya serikali ya mwaka 1959 ilipendekeza milango ifunguliwe.

Nchini Kenya, sheria si kikwazo. Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya matibabu. Mnamo 2020, jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa, na mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikafanyiwa marekebisho yaliyozipa kaunti majukumu mahususi.

Kinachosalia ni utekelezaji, na si kila hatua inahitaji mamilioni. Kaunti hizi mbili zaweza kutenga mshauri mmoja kwa kila wodi ya watoto, chumba kidogo cha michezo, na utaratibu wa kuwasiliana na mwalimu wa mgonjwa ili asirudi darasani akiwa mgeni.

Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa vifaa vya kazi mwaka 2023, nao wafunzwe kumwuliza mama swali moja zaidi wanapozuru boma: yeye mwenyewe analalaje usiku?

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini mzazi huyo asiposhikwa mkono, atakayelipa gharama ya upweke wake ni mtoto aliye kitandani.