Betri Isihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Majira ya baridi yameingia, na kwa sisi wenye magari ya dizeli hapa Uingereza huu ndio msimu wa fedheha za alfajiri. Mwaka juzi mama watoto alikuwa na miadi ya hospitali aliyoingojea miezi mitano. Nikageuza ufunguo, gari likakoroma mara mbili, likanyamaza. Miadi ikapotea. Fundi aliyeitwa hakupima kitu, akasema betri imekufa. Nikanunua mpya. Baada ya wiki tatu, baridi ilipokaza, hali ikawa ile ile.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa mno. Hivyo stata hubeba mzigo mzito, na plagi za kupasha joto nazo zimekwisha kunywa umeme mwingi. Baridi nayo huifanya oili kuwa nzito wakati ule ule inapoidhoofisha betri.

Safari hii niliazima mita ya volti. Gari lililolala usiku kucha likisoma 12.6, betri imejaa, likisoma 12.0, ni karibu tupu. Stata inapozungusha injini, betri iliyojaa ikishuka chini ya 9.6, hiyo ndiyo mbovu. Injini ikiunguruma, mita isome baina ya 13.8 na 14.5, ikibaki 12 na kitu, tazameni alteneta na mkanda wake. (Magari ya siku hizi, ambayo kompyuta huiongoza alteneta, hupanda na kushuka, msiyahukumu kwa kipimo kimoja.)

Langu lilinishangaza: stata ikikoroma, betri ilisoma 11.4. Umeme ulikuwepo, ila haukufika. Mwanangu akageuza ufunguo nami nikapima baina ya ncha hasi ya betri na chuma cha injini. Haifai kuzidi nusu volti. Nilipata volti mbili. Waya wa ethi ulikuwa umeliwa na kutu chini ya bolti, mahali pasipoonekana. Nikafungua kwanza ncha hasi ya betri, nikausugua waya kwa msasa hadi ukang'aa, nikaukaza. Gari likawaka kwa mguso mmoja.

Ile betri ya kwanza fundi aliondoka nayo, nami sikuuliza. Mama watoto alipangiwa miadi mingine mwezi wa nne.