Binti Asiachwe Adurusu Peke Yake



Hivi karibuni mzee mmoja wa msikiti wetu alitujia baada ya sala ya Isha, akatutaka ushauri. Familia yake ilihamia Dar es Salaam kutoka Pemba miaka michache iliyopita, na binti yake yumo mwaka wa kwanza wa uhandisi wa umeme. Binti ameomba aache. "Huenda hesabu zile si za wasichana," alisema mzee kwa unyonge.

Tulimuuliza: anadurusu na nani? Akajibu kuwa hudurusu peke yake, chumbani. Darasani kwake wasichana ni wachache, wala hakuna aliyesoma naye zamani. Wavulana hukutana usiku, saa ambazo yeye yuko jikoni na mama yake.

Twaona tatizo limo katika jibu hilo, si katika akili ya binti. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani, Elaine Seymour na Nancy Hewitt, walichapisha kitabu kilichotokana na mahojiano na wanafunzi wa vyuo saba. Walibaini kuwa walioacha sayansi na uhandisi hawakuwa na uwezo mdogo kuliko waliobaki.

Kabla yao, katika miaka ya 1970, Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichunguza kwa nini wanafunzi Weusi wengi walianguka katika hisabati ilhali wenzao wenye asili ya China walifaulu. Aliwakuta Weusi wakijitahidi sana, lakini kila mmoja peke yake. Wale wenye asili ya China walikutana baada ya vipindi, wakalinganisha majibu na kusahihishana. Treisman akaanzisha vikundi vya kufumbua maswali magumu kwa pamoja, na matokeo yakawa mema.

Jambo hili si geni kwetu. Madrasa zetu zimelea watoto kwa kusikilizana: huyu anasoma, yule anamsahihisha. Iweje binti akifika chuo kikuu tumtarajie aelee peke yake? Tena aliyehama ameacha nyuma watu wa kumwelekeza: mwalimu yupi aendewe, na mitihani ya zamani ipo kwa nani.

Hofu ya wazazi juu ya saa za usiku twaielewa, nasi ni wazazi. Lakini kumzuia bila kumpa mbadala ni kumfungia mlango wa elimu. Sisi wa kamati tunakiri kosa letu: ukumbi wa akina mama hubaki na kufuli wiki nzima, ukingojea darsa moja. Tumekubaliana ufunguliwe kila Jumamosi na Jumapili, baada ya Alasiri hadi Magharibi, kwa wasichana wa sayansi kudurusu pamoja.

Nyumbani nako, binti apewe saa mbili kila siku zisizo na masufuria. Kaka zake nao wana mikono ya kuoshea vyombo. Na kabla ya kumuuliza amepata alama ngapi, tumuulize kwanza anasoma na nani.

Binti wa mzee wetu bado hajaamua. Baba yake ameahidi kutomhimiza aache mpaka muhula uishe, na Jumamosi hii atamleta ukumbini mwenyewe. Wenye mabinti wa fani hizo, waleteni, asimkute mwenye funguo tu.

Wabillahi tawfiq.