Ndege wa Kinangop na viazi vya mzee

MSOMAJI, nilipomwambia mama kwamba Jumamosi tutaamka alfajiri kwenda kutazama ndege Kinangop, aliniuliza kwani uwanja wa Embakasi umefungwa.

Hiyo ilikuwa Aprili 2023. Tulikuwa wanne: mimi, mwalimu mmoja anayewajua ndege kuliko anavyowajua wanafunzi wake, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, na mwenye gari, ambaye hawezi kutofautisha kanga na kwale lakini gari ni lake. Darubini ilikuwa moja.

Hapo Flyover tukakata kuelekea Njabini. Baridi ya huko, zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, usiulize! Lakini mvua za masika zilikuwa zimenyesha na nyasi zimechipua. Mbayuwayu waliokuwa wageni wetu tangu mwaka uliotangulia walikuwa wakipita kuelekea Ulaya, ambako baridi ilikuwa imekwisha, wakajenge viota.

Hao wana nchi mbili. Tuliyemfuata sisi ana moja tu. Kwa Kiingereza anaitwa Sharpe's Longclaw, kwa sababu ya kucha zake ndefu, na hapatikani popote duniani ila Kenya, katika mbuga za nyasi za nyanda za juu. Akikupa mgongo utadhani ni bonge la udongo; akigeuka, kifua ni njano tupu. Hujenga kiota chini, kwenye mashungi ya nyasi. Ukilima, au ukipanda miti, anahama. Na Kinangop, nyasi hizo zimo katika mashamba ya watu.

Tulimwona katika malisho ya mzee mmoja. Alisimama juu ya shungi, akapiga mluzi mwembamba, akatulia. Muuguzi, aliyesinzia njia nzima, alikataa kabisa kurudisha darubini.

Mzee akatukaribisha chai. "Mmekuja wakati mzuri, watoto wangu," akasema. "Wiki ijayo trekta linakuja. Napanda viazi."

Mwalimu akaweka kikombe chini. "Mzee, ndege huyu hayuko nchi nyingine yoyote."

"Nimekusikia, mwalimu. Na karo ya kijana wangu, atalipa yeye?"

Wewe msomaji ungejibu nini? Mimi mshahara wangu hautoki shambani, na mkononi nilikuwa na chai ya maziwa ya ng'ombe wake. Nilinyamaza. Mwenye gari ndiye aliyeuliza bei ya gunia la viazi, na mazungumzo yakaendelea huko hadi tukaaga.

Baada ya majuma mawili mwalimu alinipigia simu, furaha tele. Mzee alikuwa amelima, ndiyo, lakini upande wa bondeni ameuacha na nyasi zake, na ndege yumo.

"Kwa hivyo alikuelewa?" nikauliza.

"Hapana. Trekta lilikwama matopeni."