Ngoma Haifundishwi kwa Fimbo

Wasomaji wetu, wako walimu wenzetu hapa Mpanda wasemao kwamba ngoma haina mafunzo, mtoto huzaliwa nayo. Sisi twakataa. Kama ndivyo, mbona mgeni mkubwa akitangazwa kuja watoto huchapwa siku tatu ili wacheze kwa pamoja?

Tazameni bugobogobo, ngoma ya jembe ya Wasukuma, iliyofika Katavi pamoja na wakulima na wafugaji waliohamia huku. Mwendo wake watokana na kulima: jembe hupanda na kushuka kwa pigo la ngoma. Mwalimu asiyelijua pigo hilo atafundisha nini?

Kazi hii ina chuo chake. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tangu 2007 chaitwa TaSUBa. Asiyeweza kufika huko na awaendee wazee wa Kibende na Kipimbwe, aketi chini, ajifunze pigo kwanza, kisha hatua moja moja, ndipo asimame mbele ya darasa. Naye mzee apewe ujira, si ahsante tupu.

Mtoto aliyechapwa kwa ajili ya ngoma ya babu yake ataichukia ukubwani, nasi walimu ndio tutakaoulizwa.