Mbwa Mgonjwa: Achanjwe Leo au Angoje?

Huenda nawe, msomaji, waishi Kitengela, na mbwa anayelinda boma lako amekuwa akijikuna kwa miezi. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa imefika. Je, umpeleke hivyo hivyo au ungoje apone?

Haraka haraka haina baraka. Mbwa mwenye homa, asiyekula au anayeharisha, ni heri atibiwe kwanza, kwani mwili dhaifu huenda usijenge kinga ipasavyo.

Lakini pia, ngoja ngoja huumiza matumbo. Upele au kidonda cha zamani si sababu ya kuahirisha mwaka mzima. Mwonyeshe daktari wa mifugo, aamue yeye; na akisema mngoje, akupe tarehe. Kutoka Kitengela hadi mji wa Kajiado mbwa wengi huzurura, na nyikani huweza kukutana na bweha. Dalili za kichaa zikishamtokea binadamu, ni nadra sana apone. Ndiyo maana mwaka 2014 Kenya ilianzisha mpango wa kukomesha vifo hivyo kufikia 2030.

Mbwa akibadilika tabia ghafla, akitokwa na mate au kushindwa kumeza, usimfungue kinywa. Waweke watoto mbali, umwite daktari. Aliyeng'atwa aoshwe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku iyo hiyo.

Leo jioni, kitafute cheti cha mbwa wako. Alichanjwa lini mara ya mwisho?